Jua Linapozama Nyuma ya Milima ya Uvira

Simama ufukweni Bujumbura karibu saa kumi na mbili jioni, utaliona Jua likishuka nyuma ya milima ya Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wavuvi wa ndagala wanaanza kutoka na taa zao. Buyenzi mafundi wa magari wanafunga gereji na kusugua mikono iliyojaa grisi. Kwa watu wote hawa mchana umekwisha. Juu ya vichwa vyao, kwenye kimo cha kilomita 300, mchana bado haujaisha. Kutoka huko Jua litaonekana kwa zaidi ya saa nzima baada ya mji kuingia gizani. Kwenye kimo cha kilomita 100 litakuwa limeshapotea mapema kuliko hapo. Kwa hiyo jioni ya Bujumbura haiingii mara moja. Inapanda tabaka kwa tabaka, kutoka ardhini kwenda juu, na wakati inapanda ndipo mawimbi ya redio na ya setilaiti yanapopata shida kubwa katika ukanda wetu huu.

Niliiona shida hiyo kwa macho yangu nikiwa na mpima ardhi kijana kwenye uwanda wa Rusizi, upande wa Gatumba, mwishoni mwa Machi. Alikuwa amechelewa kuanza kazi kwa sababu ya mvua ya mchana, akataka kumalizia nukta chache za mwisho kabla ya kurudi mjini. Kifaa chake kilikuwa cha kisasa: kipokezi kimoja kimesimama kwenye miguu mitatu juu ya nukta inayojulikana, kingine kwenye fimbo aliyoishika mkononi, na vyote viwili vinazungumza kwa redio. Mchana kilimpa vipimo vyenye uhakika wa sentimita mbili. Ilipofika kama saa moja na nusu usiku, neno fixe kwenye kioo, yaani jibu limetulia, likageuka flottant, yaani linaelea. Namba za mwisho zikaanza kuhama zenyewe, ingawa fimbo ilikuwa imetulia wima, haitikisiki. Setilaiti zilizokuwa 14 zikawa 11, kisha 8, zikarudi 12, zikashuka tena.

Akabadilisha betri. Akaifuta antena. Akampigia mwenzake aliyekuwa akilinda kile kipokezi cha kwanza amuulize kama kuna mtu amekigusa. Mwisho akaniambia, "Mzee, leo mtandao umekufa." Kesho yake saa mbili asubuhi tulirudi pale pale, kwenye kigingi kile kile, na kifaa kile kile kikampa jibu lake la sentimita mbili katika muda usiofika dakika moja. Mtandao haukuwa umekufa. Jioni ile kati ya fimbo yake na setilaiti kulikuwa na kitu ambacho asubuhi hakikuwapo.

Setilaiti za GPS zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa ya atomiki, na kazi yake kubwa ni kutangaza wakati. Kipokezi kinasikia tangazo hilo, kinapima limechelewa kwa kiasi gani, kisha kinageuza ule muda kuwa umbali, kwa kuwa kinajua mwendo wa mwanga. Ukikosea nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni, umekosea sentimita 30. Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kama njia yote ingekuwa tupu. Haiko tupu. Kuanzia kilomita 60 hivi hadi zaidi ya kilomita 1,000 kuna hewa nyembamba ambayo mionzi mikali ya Jua imezipasua chembe zake, ikaacha elektroni zikielea huru. Tabaka hilo linaitwa ionosfia, na elektroni zake hulichelewesha wimbi la setilaiti. Zikiwa nyingi, kama alasiri ya mwaka ambao Jua limechangamka, ucheleweshaji huo unaweza kumpa mtu kosa la mita 15 au 20. Simu ya kawaida hutumia hesabu ya makadirio inayoondoa takriban nusu ya kosa hilo. Vipokezi vinavyosikiliza masafa mawili kwa pamoja huondoa karibu lote, kwa sababu kila masafa huchelewa kwa kiasi chake, na kutokana na tofauti hiyo kifaa hujua wimbi limepita kwenye elektroni ngapi.

Hadi hapo hakuna la kutisha. Mtu anayetafuta duka la dawa Rohero hatapotezwa na mita tano. Tatizo kubwa linakuja pale elektroni zinapokosa mpangilio, na ili kulielewa inabidi tuangalie Bujumbura iko wapi kwenye dunia, si kwa ramani ya kawaida, bali kwa ramani ya sumaku.

Ikweta ya ramani inapita Uganda na Kenya. Ikweta ya sumaku ni nyingine: hapa Afrika imepanda kaskazini, inapita Ethiopia, Chad na Nigeria. Juu yake mistari ya sumaku ya Dunia imelala kama nyuzi zilizotandazwa. Mchana, umeme wa anga husukuma elektroni juu kutoka ikweta hiyo. Zikishafika juu haziwezi kuikata mistari ya sumaku, kwa hiyo huiteremkia pande mbili, kaskazini na kusini, kama maji ya chemchemi yanayorushwa juu na kuanguka kando. Zinarundikana katika mikanda miwili, kila mmoja ukiwa karibu digrii 15 kutoka ikweta ya sumaku. Edward Appleton, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, aliandika juu ya mikanda hiyo mwaka 1946, na jina lake limebaki kwenye jambo hilo mpaka leo. Bujumbura, kwenye digrii 3 na nusu hivi kusini mwa ikweta ya ramani, iko takriban digrii 13 kusini mwa ikweta ya sumaku. Maana yake ni kwamba ule ukanda wa kusini, penye elektroni nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, uko juu ya mji wetu na ziwa letu.

Sasa turudi kwenye ile jioni inayopanda tabaka kwa tabaka. Jua likizama, tabaka la chini hupoteza elektroni zake haraka, kwa kuwa hewa ya huko ni nzito na chembe hukutana na kuungana tena upesi. Tabaka la juu linabaki limejaa. Tena, wakati huo huo wa magharibi, umeme wa anga hulisukuma juu kwa nguvu kwa mara ya mwisho kabla ya usiku. Hapo kitu kizito kinabaki kimekaa juu ya kitu chepesi, kama mtu aliyemimina maji juu ya mafuta kwenye chupa. Mafuta hayatakaa chini. Yatatafuta upenyo na kupanda. Ndivyo mapovu ya hewa yenye elektroni chache yanavyotoboa tabaka la juu na kupanda, mengine hadi zaidi ya kilomita 1,000. Yanajinyoosha kaskazini na kusini kufuata mistari ya sumaku, kisha yote kwa pamoja huelea kuelekea mashariki kwa mwendo wa mita 100 hivi kwa sekunde. Kwetu hiyo ina maana kwamba yanatokea upande wa Kongo, yanapita juu ya Bujumbura, na kuendelea kuelekea Tanzania.

Wimbi la setilaiti likipita kwenye kingo za povu kama hilo humetameta jinsi nyota inavyometameta kwa macho yetu. Linapanda, linashuka, linafifia kabisa, linarudi, mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Kipokezi hulipoteza, hulitafuta, hulipata, hulipoteza tena. Hicho ndicho kilichokuwa kikitokea kwenye kioo cha yule kijana. Mwezi wenyewe wa Machi ulitosha kunitahadharisha: mapovu haya hupenda miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, kuanzia kama saa moja usiku hadi usiku wa manane, hasa miaka ambayo Jua limechangamka. Hayahitaji dhoruba yoyote. Usiku wa kawaida kabisa unatosha.

Hilo ndilo jambo ambalo sisi wa ukanda huu tunapaswa kulishika kuliko yote. Hali ya hewa ya anga za juu huandikwa magazetini kama habari ya mara moja kwa miaka mingi: Jua limelipuka, dunia imetikisika, watu wa Ulaya wamepiga picha za mwanga wa kijani na mwekundu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 ndivyo ilivyokuwa. Dhoruba ya sumaku ilifika ngazi ya juu kabisa kwenye kipimo cha ngazi tano, ya kwanza ya aina hiyo tangu Oktoba 2003. Mwanga ule ulionekana hadi Mexico. Wakulima wa Marekani waliokuwa kwenye msimu wa kupanda mahindi walisimamisha matrekta yao, kwa sababu GPS inayoyaongoza kwa sentimita ilikuwa imepotea. Bujumbura majuma hayo ilikuwa ikipambana na jambo jingine kabisa, maji ya Ziwa Tanganyika yaliyopanda na kuingia kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama juu.

Lakini dhoruba kubwa kwetu haina tabia ile iliyo nayo kwao. Ikifika wakati Jua linazama hapa, huongeza nguvu ile ya magharibi na mapovu yakawa makali kuliko kawaida. Ikifika saa nyingine, upepo wa anga za juu inaouanzisha unaweza kuizima nguvu hiyo, usiku wa Bujumbura ukawa shwari kuliko usiku usio na dhoruba. Mtu anayesoma tahadhari iliyoandikwa kwa ajili ya Canada au Norway na kuifuata kama ilivyo akiwa Bujumbura anaweza kuacha kazi siku salama na kwenda kupima siku mbaya. Tunahitaji tahadhari za anga letu wenyewe.

Leo anga letu halisikilizwi kwa karibu, lakini haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, makao yake makuu Lwiro, mlimani karibu na Bukavu, kama kilomita 140 kutoka Bujumbura kwa mstari ulionyooka. Tawi lake la Uvira lilichunguza ziwa na samaki. Lwiro kwenyewe kulikuwa na mashine iliyopaza mawimbi ya redio wima kuelekea angani na kusubiri mwangwi wake. Kwa kupima muda wa mwangwi, walijua tabaka la elektroni liko kwenye kimo gani. Usiku ambao kuna mapovu, mwangwi haurudi kama mstari safi. Unarudi umetapakaa kama moshi kwenye karatasi ya picha, na wanasayansi Booker na Wells walikuwa wamekwisha kueleza kutapakaa huko mwaka 1938 kutokana na vipimo vya Huancayo, Peru. Mashine ya Lwiro ilifanya kazi hadi katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, 1957 na 1958, miaka ambayo Jua lilichangamka kuliko wakati mwingine wowote tangu watu waanze kuhesabu madoa yake. Majengo ya Lwiro bado yapo. Ninayataja kwa makusudi, kwa sababu kuna wanaodhani elimu hii haijawahi kufika Maziwa Makuu. Ilifika mapema, na ilifika kwa sababu watu wa redio walijua kwamba anga letu si anga la kila mahali.

Watu wa redio wanaijua bado. Waulize waliokaa kwenye foni, zile redio za mawimbi mafupi za parokia, za mashirika ya misaada na za wenye ndege ndogo, zilizounganisha Bujumbura, Uvira, Bukavu na Kalemie kabla simu ya mkononi haijafika. Mawimbi mafupi hayakatizwi na mlima. Yanapanda, yanagonga ionosfia, yanarudi chini upande wa pili. Mwendesha foni mzuri hakuwahi kusoma kitabu cha fizikia, lakini alijua kwamba masafa ya mchana si ya usiku: Jua likizama, anashuka masafa, la sivyo sauti itatoboa anga na kupotea. Vivyo hivyo kwa msikilizaji wa idhaa za mbali. Nimekaa jioni nyingi na redio ndogo sikioni nikimfuatilia mtangazaji ambaye sauti yake inavimba, inasinyaa, inageuka kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, kisha inarudi safi. Deutsche Welle walikuwa na kituo cha kurushia matangazo Kigali hadi mwaka 2015, na kilipofungwa, sauti zilizokuwa zikitoka jirani zilibaki kutegemea vituo vya mbali zaidi, yaani safari ndefu zaidi chini ya anga hilo hilo linalobadilika.

Mchana foni ina adui mwingine, na huyo hatangulizi taarifa. Jua likilipuka, miali yake ya eksirei hufika duniani kwa dakika nane, kwa mwendo ule ule wa mwanga. Anayeuona mlipuko na anayeumizwa nao wanapata habari kwa pamoja. Eksirei hizo hulinenepesha tabaka la chini kabisa la ionosfia, kimo cha kilomita 60 hadi 90, likaanza kuyameza mawimbi mafupi kabla hayajafika juu. Tarehe 3 Oktoba 2024, saa nane na dakika 18 mchana kwa saa za Bujumbura, Jua lilitoa mlipuko wa daraja la X9.0. Upande wa dunia uliokuwa ukilitazama Jua saa hiyo ulikuwa Afrika na Atlantiki ya kusini. Aliyekuwa kwenye foni chini ya Jua lile hakuwa na la kufanya isipokuwa kupanda masafa ya juu zaidi, kwa kuwa ya chini ndiyo humezwa kwanza, na kusubiri. Tukio kama hilo la tarehe 6 Septemba 2017, mlipuko wa X9.3, liliangukia siku ile ile kimbunga Irma kilipokuwa kikivunja visiwa vya Karibi. Waendeshaji wa redio waliojitolea kupeleka habari za uokoaji walikatika kwa saa kadhaa, wakati ambapo kila dakika ilikuwa na thamani. Nayo ilikuwa mchana Bujumbura, saa nane na dakika mbili.

Wenye ndege wameshalichukulia jambo hili kwa uzito. Tangu Novemba 2019 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linatoa tahadhari za anga za juu kama zinavyotolewa zile za mawingu na radi, na zinataja wazi kama athari iko kwenye setilaiti za uongozaji, kwenye redio za mawimbi mafupi, au ni mionzi kwa abiria. Kwa bara letu kituo kiko Hermanus, Afrika Kusini, chini ya shirika la anga la nchi hiyo, SANSA. Rubani anayekuja Bujumbura usiku, milima ikiwa pande zote mbili za ziwa, anahitaji kujua mapema kama itambidi ategemee vifaa vya ardhini. Ulaya na Marekani ndege zao husaidiwa na mifumo inayosahihisha GPS papo kwa papo. Afrika tunajenga wetu, na shirika la usalama wa safari za anga, ASECNA, lilirusha mawimbi ya kwanza ya majaribio Septemba 2020, lakini mfumo wa kuigwa kutoka kaskazini hautoshi, maana uliundwa kwa anga tulivu. Wahindi, ambao ukanda wa kaskazini wa Appleton unapita juu yao, waliligundua hilo walipojenga wa kwao.

Kwa anayefanya kazi chini, mambo machache yanasaidia sana. Kazi ya sentimita ifanywe asubuhi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Kipokezi kisikilize setilaiti za mifumo yote, GPS, Galileo, GLONASS na BeiDou, kwa kuwa povu haliwezi kuziba anga zima kwa mara moja, na kila setilaiti iliyo kando yake ni msaada. Mpimaji arudie nukta moja ya asubuhi jioni kabla ya kuamini nyingine. Nahodha anayevuka ziwa usiku kwenda Kigoma asiitupe dira yake. Na atakayepima njia ya reli kutoka Uvinza kuja Musongati aandike saa ya kila kipimo, ili kosa likionekana baadaye ijulikane lilitoka ardhini au lilitoka juu.

Yule kijana wa Gatumba alinunua daftari. Kila kifaa kinapomsumbua anaandika tarehe, saa, na idadi ya setilaiti. Nilipoliona mara ya mwisho lilikuwa na kurasa sita, na karibu kila mstari ulikuwa kati ya saa moja na saa tano usiku. Daftari lile lina thamani, lakini kazi hiyo haifai kuachiwa mtu mmoja na kalamu. Kigali na Mbarara kuna vipokezi vilivyo kwenye mtandao wa kimataifa wa IGS, na vipimo vyao viko wazi kwa yeyote. Burundi ina taasisi yake ya jiografia, IGEBU, ambayo inashughulika na hali ya hewa na pia na ramani, nyumba ile ile. Sioni mahali panapofaa zaidi. Namwomba msomaji mwenye sauti, awe mhandisi, mbunge au mwalimu wa Chuo Kikuu cha Burundi, aiombe taasisi hiyo kipokezi kimoja kinachopima kumetameta kwa mawimbi usiku na mchana, kiwekwe juu ya paa Bujumbura, na tahadhari zake zisomwe redioni jioni pamoja na habari za mvua.